Kila Penzi la Mastaa Ni Kiki? Ndiyo Maana Hata Anayelia Kweli Haaminiki

Mchezo wenyewe kila mtu mjini anaujua. Staa wa kiume anatupia picha ya mkono wa mwanamke umeshika glasi, sura haionekani, maneno hakuna, ni kopa moja tu jekundu pembeni. Dakika kumi haziishi, mashabiki wameshavamia. Mmoja anasema kucha zile ni za yule dada wa Bongo Movie. Mwingine anabisha, anasema yule dada kabandika kucha nyeupe tangu wiki iliyopita. Wa tatu anakuja na skrinshoti: pazia la nyuma linafanana na pazia la hoteli fulani Zanzibar, na yule dada aliposti akiwa Zanzibar hiyo hiyo siku mbili nyuma. Kesi imefungwa! Ikifika jioni kapo ina jina, ina ukurasa wake, ina timu ya kuitetea na timu ya kuiponda, na wenyewe wawili bado hawajafungua mdomo.

Wiki mbili baadaye ngoma inaachiwa. Mwanamke kwenye video ni nani? Ni yule yule wa kucha.

Basi mji mzima unajibu kwa pamoja: "Nilijua tu ni kiki." Halafu mwezi unaofuata inakuja kapo nyingine, na wale wale waliojua wanarudi kupima mapazia.

KIKI SI DHAMBI, NI BIASHARA

Ukweli usemwe. Msanii ni mfanyabiashara. Ngoma mpya zinatoka kila siku, redio ina masaa yale yale 24, na shabiki ana bando la kuhesabu. Msanii anayetaka kusikika lazima watu wamzungumzie, na hakuna kitu Mbongo anakizungumzia kwa raha kama mapenzi ya watu wengine. Magazeti ya udaku yaliishi kwa biashara hiyo miaka mingi kabla Instagram haijaanzishwa mwaka 2010. Kilichobadilika ni bei. Zamani mhariri ndiye alikuwa anaamua nani atoke ukurasa wa mbele. Siku hizi staa anajiweka mwenyewe ukurasa wa mbele kwa picha moja ya glasi.

Na mpango wenyewe una hatua zake. Kwanza picha ya mafumbo. Pili chawa wanatumwa kuchochea, "jamani mmeona lakini?" Tatu interview ya redio, mtangazaji anauliza, staa anacheka kwanza, halafu anasema "yule ni mtu wangu wa karibu sana, tunaheshimiana." Hakukubali, hakukataa, na jibu hilo linaliwa wiki nzima. Nne ngoma. Tano kuachana, na kuachana nako ni msimu mzima unaojitegemea: kufutana picha, kuacha kufuatana, mafumbo kwenye stori saa nane za usiku. Sita ngoma ya majibu. Wakibahatika, wanarudiana kabla ya tamasha la mwisho wa mwaka.

Katika hatua zote hizo shabiki ndiye kibarua. Ndiye anayetafuta ushahidi, ndiye anayegawa skrinshoti kwenye magrupu ya WhatsApp, ndiye anayegombana usiku kucha na mtu asiyemjua, kwa bando lake mwenyewe. Video ikitazamwa YouTube matangazo yanamlipa mwenye chaneli. Wafuasi wakiongezeka Instagram, meneja anabeba namba hizo kwenda kuzungumzia dili la ubalozi wa sabuni au la mtandao wa simu. Shabiki anabaki na nini? Anabaki na heshima ya kusema "mimi nilijua wa kwanza." Kama mwenyewe anaona inatosha, sawa, starehe ni ya mtu.

Kwa hiyo tatizo si kwamba watu wanapiga umbea. Umbea ni mtamu, na ubuyu haujaanza leo. Tatizo ni kitu kingine ambacho umbea huu umekizaa kimya kimya, na kinaanza kuumiza watu.

HAWAKUANZA WABONGO

Anayedhani mchezo huu ulibuniwa Sinza au Mikocheni ajue Hollywood walishaucheza hadi ukachakaa. Enzi zile studio kubwa za Marekani ziliwafunga waigizaji kwa mikataba, na kila studio ilikuwa na idara ya habari ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kupanga nani aonekane anakula chakula cha usiku na nani kabla filamu haijatoka. Wapiga picha walikuwa wanaambiwa mapema wakae mlango gani.

Mwaka 1955 staa mkubwa wa kipindi hicho, Rock Hudson, alimuoa Phyllis Gates, aliyekuwa katibu muhtasi wa wakala wake. Kulikuwa na minong'ono kuhusu maisha ya siri ya Hudson, kwamba hapendi wanawake, na magazeti ya udaku yalikuwa yananusa. Ndoa ile ilidumu mpaka 1958. Hudson alifariki mwaka 1985, na mpaka leo watu wengi wanaitaja ndoa ile kama mfano wa ndoa ya kutengenezwa na menejimenti.

Lakini kuna kipande ambacho wambea hukiruka. Mwaka 1987 Phyllis Gates alitoa kitabu na kusema yeye aliolewa kwa mapenzi. Kwamba hakujua kama kulikuwa na mpango. Wapo waliomwamini, wapo ambao hawajamwamini mpaka kesho. Chukulia alisema kweli: dunia nzima inakuita mshirika wa kiki, kumbe wewe ulikuwa umependa. Huyo naye utamwita tapeli, au utasema ndiye aliyetapeliwa kuliko wote?

Njoo karibu na leo. Mwaka 2003 Jennifer Lopez na Ben Affleck walikuwa kapo iliyoandikwa kuliko zote duniani, mpaka wakapewa jina moja la pamoja, Bennifer. Wengi walisema ni kiki ya filamu yao ya Gigli. Kama ilikuwa kiki, basi ilikuwa kiki mbovu kuliko zote: filamu ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 70 na ikaingiza kama dola milioni 7 tu. Watu walikuwa wameshiba mapenzi yao bure magazetini, nani alipe tiketi? Mwezi Septemba mwaka huo huo wakaahirisha harusi siku chache kabla, wakilaumu vyombo vya habari kuwazonga kupita kiasi. Januari 2004 wakaachana. Wale wa "nilijua" wakashangilia.

Halafu mwaka 2022, miaka 18 baadaye, wakati hakuna tena filamu ya kuuza, wakaoana. Mwaka 2024 ikafunguliwa kesi ya talaka. Sasa hiyo ilikuwa kiki au ilikuwa mapenzi? Mwenye jibu ni wao wawili, na pengine hata wao hawana jibu moja. Mapenzi ya watu wa kawaida yenyewe yana siku ambazo mtu hajui kama anapenda au amezoea. Ya staa yana hayo hayo, na juu yake kuna meneja, lebo na kamera.

Kwa mifano hiyo miwili tu unaona kwamba mpelelezi wa mapazia hana kipimo. Kapo inaweza kuanza kwa kupangwa na mmoja akapenda kweli. Inaweza kuanza kwa mapenzi na menejimenti ikaona mchongo ikaingia katikati. Waswahili wanasema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Huko mitandaoni methali hiyo imegeuzwa hati ya mashtaka, wakati kuna mengi yalisemwa, hayakuwepo, na hayajawahi kuja.

"NGOMA INATOKA LINI?"

Hapa sasa ndipo penye uzito.

Fikiria msanii wa kike ambaye miaka miwili amekuwa kwenye kapo iliyojadiliwa na kila mtu. Amecheka kwenye interview, ameposti maua, ameposti pete. Siku moja anaposti kitu tofauti. Jicho limevimba. Anaandika mistari mitatu kwamba amevumilia sana na leo amechoka. Hana kopa, hana tagi ya mtu.

Shuka chini usome walichoandika watu. "Ngoma inatoka lini?" "Hiyo ni mekapu, mpake vizuri." "Kiki za kizamani hizi." "Mwezi ujao mnarudiana." Vichekesho vinapata laiki elfu nane. Anayeandika "dada pole, uko salama?" anaambiwa ni mshamba wa mjini.

Si kwamba watu wale wote wana roho mbaya. Wamefundishwa. Kwa miaka wameletewa machozi ambayo mwishoni yana link ya YouTube. Wameonyeshwa kilio, wakalia naye, kesho yake wakaambiwa "nilikuwa naigiza, ni promo ya singo yangu." Ukimdanganya mtu mara tano, mara ya sita hatakuuliza, atacheka tu. Kila aliyesoma shule ya msingi anamkumbuka kijana mchunga mbuzi aliyekuwa anapiga kelele za chui kwa utani, mpaka siku chui alipokuja kweli na kijiji kikabaki kimelala. Tofauti ni kwamba kwenye hadithi ile kijana mwongo na kijana aliyeliwa ni mmoja. Mjini mwongo ni mwingine na anayeliwa ni mwingine. Staa mmoja anafanya kiki ya kipigo, anayekosa kuaminiwa ni dada mwingine kabisa ambaye hakuwahi kudanganya mtu.

Na kipigo si jambo la kubuni katika nchi hii. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi wenye miaka 15 hadi 49 Tanzania wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Wanne kwa kumi! Ukiwa na magrupu matatu ya WhatsApp, wamo humo. Kwa hiyo staa wa kike akisema amepigwa, kinachosemwa siyo ajabu hata kidogo. Ajabu ingekuwa kwamba katika mastaa wote wa kike mjini hakuna hata mmoja anayepigwa.

Kuna mtu mwingine anasoma zile komenti ambaye hakuna anayemfikiria. Ni binti wa miaka 20 yuko Mbagala au Kawangware, hana wafuasi, hana meneja, na jana usiku mwenzake alimpiga. Anaona mwanamke maarufu, mwenye pesa na mawakili, amesema kilichompata na watu laki moja wamemcheka. Binti huyo anajifunza nini? Anajifunza kunyamaza. Hakuna aliyemwandikia komenti yeye, lakini jibu lake ameshalipata.

NANI HULIPA

Kingine ambacho hakisemwi sana: kiki ina bei mbili, ya mwanaume na ya mwanamke. Mwanaume akitajwa na wanawake watano ndani ya mwaka, anaitwa mwamba, anaitwa simba wa yuda, jina linapanda. Mwanamke akitajwa na wanaume wawili, anapewa majina ambayo hayaandikiki. Kapo ikivunjika, yeye ndiye anayeulizwa alikosea wapi. Kama ilikuwa kiki ya pamoja, wote walikaa meza moja wakakubaliana, lakini hasara inaandikwa kwenye daftari la mmoja.

Halafu kuna watoto. Ikitokea kapo imepata mtoto, wapelelezi hawaachi. Wanachukua picha ya mtoto wa miezi minne, wanaweka mishale puani na masikioni, wanalinganisha na picha za wanaume watatu, wanapiga kura. Mtoto huyo atajifunza kusoma. Atafika darasa la nne, mwenzake atamwonyesha kwenye simu kwamba mji mzima ulipiga kura baba yake ni nani. Hakuna ngoma yenye thamani hiyo, na hakuna shabiki ambaye angekubali mtoto wa dada yake afanyiwe hivyo.

Kwa wanaosema "si mitandao tu", sheria haioni hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kuhusu kusambaza taarifa za uongo na kingine kuhusu kumnyanyasa mtu mtandaoni, na hakikuandikwa kwamba mastaa hawahesabiki. Mastaa nao wasijisahau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, mila iseme isemavyo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa na ahadi ikavunjwa kwenda mahakamani kudai fidia, awe mwanaume au mwanamke. Kwa hiyo yule anayepiga goti mbele ya kamera kumi na kumvisha mtu pete ili video ipate watazamaji, afikirie vizuri kama mwenzake naye anajua ni video. Siku akisema "mimi nilijua ni kweli", kamera zote kumi zitakuwa upande wake.

SASA IWEJE?

Hakuna atakayewazuia mastaa kupendana hadharani, wala kuigiza kupendana. Waigize. Lakini kuna mpaka ambao menejimenti yoyote yenye akili ingeuweka kabla ya kuandika mpango wa promo: usiuze ngoma kwa kipigo, kwa mimba ya uongo, kwa ugonjwa wala kwa msiba. Uza kwa kopa, uza kwa pete ya mchezo kama wote mmekubaliana, uza kwa bifu la maneno. Vile vinne viache. Hivyo watu wa kawaida wanavihitaji, siku vitakapowakuta, waweze kusema na wakaaminiwa.

Vyombo vya habari navyo, kuanzia redio mpaka kurasa za udaku, wana la kujibu. Mtangazaji anayemuuliza mwanamke aliyevimba jicho "lakini mashabiki wanasema ni kiki, unawaambiaje?" amekwisha kuchagua upande. Swali la kwanza lingekuwa kama yuko mahali salama, la pili kama amekwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo lipo kwa kazi hiyo hiyo. Umaarufu wake ungeweza kuwa tangazo la bure la dawati hilo kwa wasichana wasiojua hata kama lipo.

Na shabiki? Shabiki aendelee kupima mapazia akitaka, kucha ni kucha tu, hazimuumizi mtu. Ila ajifunze kutenganisha. Picha ya glasi, cheka. Wameachana, toa maoni yako ukilazimika. Mtu anasema anaumizwa, acha upelelezi. Kuna hesabu rahisi sana hapa. Ukimpa pole mtu aliyekuwa anaigiza, umepoteza nini? Sekunde tano na aibu kidogo, na aibu hiyo ni yake kuliko yako. Ukimcheka mtu aliyekuwa anasema kweli, umepoteza nini? Hilo halina hesabu, na huwezi kulifuta kama unavyofuta komenti.

Wapo watakaosema hii ni kuwapa mastaa leseni ya kudanganya. Hapana. Akishadhihirika amedanganya, asutwe, na asutwe hasa, tena na wanawake wenzake wa kwanza, kwa sababu amewaibia wao. Ngoma yake isisikilizwe, tamasha lake lisijazwe, na kampuni inayompa ubalozi iulizwe inauza sabuni au inauza machozi ya watu. Mjini hakuna meneja asiyeelewa lugha ya viti vitupu. Kiki ya kipigo itakufa siku itakapokosa wateja, na wateja ndio hao hao wanaosema "nilijua tu" kila mwezi na bado wanabonyeza link.

Kwa hiyo siku ile post ya jicho itakapokuja, na itakuja, kwa sababu katika kila wanawake kumi wa utafiti ule walikuwemo wanne, swali lisiwe ngoma inatoka lini. Swali liwe: dada, uko wapi, na uko na nani?